Tawi Lisilo na Kitu

Mimi, Corey Lesko, sijawahi kuharibu kipande. Piga mstari chini ya sentensi hiyo, ikate, ibandike kwenye friji ya mama yako. Mafundi wengine hukereza chuma halafu hupima waone wamefika wapi. Mimi hupima kwa heshima tu, kama mtu anayepiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Mchoro ukisema unene uwe huu, na ukatoa ruhusa ya kuzidi kidogo au kupungua kidogo, hiyo ruhusa siigusi. Natua katikati. Katikati kabisa, pale ambapo hata aliyechora hakutegemea mtu afike.

Ushahidi uko kwenye mti.

Karakana ya Grabek ina mti wa Krismasi wa plastiki ambao haushushwi. Unakaa kona ya mashine ya kahawa Januari mpaka Desemba, na aliyeuweka ni marehemu mzee Grabek. Kila fundi ana tawi lenye jina lake. Ukiharibu kipande, unatafuta waya, unakwenda kwa miguu yako mwenyewe, unakitundika kwenye tawi lako huku wenzako wanakupigia makofi kama bwana harusi. Sheria ya mzee ilikuwa moja tu: kipande kibovu kina njia moja, nayo ni mtini. Hakiendi kwenye pipa, hakiendi kwenye droo, hakiendi nyumbani. Ndiyo maana hakuna kibovu kutoka kwetu kilichowahi kujipenyeza kwenye sanduku la mteja.

Tawi la Nereida Colón, anayesimama mashine ya jirani na yangu, limeinama mpaka linafagia sakafu. Langu, tangu nimalize shule nikaingia hapa, lina vumbi tu.

"Vumbi nalo ni pambo," Nereida husema.

"Na wivu ni kipaji," mimi humjibu.

Sasa, Ijumaa moja ya Februari, theluji ya ziwani imefunika magari mpaka hujui lako ni lipi, tukiwa ndiyo kwanza tunajipasha moto, Irene Grabek akatoka ofisini akazima redio. Irene ni binti wa mzee na ndiye bosi wetu. Redio ile huwashwa kabla ya taa, huzimwa baada ya taa. Ukiona Irene anaizima asubuhi, vua kofia.

"Sizunguki," akasema. "Mteja wetu wa vali ameondoka. Kazi iliyobaki ni hizi bushi za fimbo. Bwana Haines anakuja leo mchana, baada ya chakula, kuzikagua. Akizikubali, tunazo za kutengeneza mwaka mzima. Akizikataa, Jumatatu namwita mtu wa mnada aje apige picha mashine."

Nereida akaweka kiganja juu ya mashine yake.

"Hata yangu?" Nereida akauliza.

"Hata yako."

"Bosi, hii mashine nimeizoea kuliko mume wangu."

"Mumeo hatumpigi mnada, Nereida."

"Tusikatae haraka hivyo. Tulifikirie."

Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa cha watu walio kwenye lifti iliyokwama. Irene hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Corey. Wewe ndiye wa kuchapa almasi."

"Hiyo nafanya nimelala, bosi."

"Afadhali uifanye macho."

Kuchapa almasi ni lugha yetu ya karakana. Unajua vile vialama vilivyokatana kwenye kifuniko au kwenye mpini wa chuma ili mkono usiteleze? Zile ndizo almasi. Huzikwangui kwa kisu. Unachukua vigurudumu viwili vya chuma kigumu vyenye meno ya mshazari, kimoja kinaegemea kushoto, kingine kulia, unavibonyeza kwenye kipande kinachozunguka, na meno yanaacha alama. Kipande kikizunguka mara ya pili, meno yanatua kwenye nyayo zilezile, yanazichimba, na mwishowe unapata almasi zenye ncha. Almasi pekee ambazo mtu wa hali yangu atawahi kuzishika kwa wingi.

Bushi zenyewe zilikuwa vibomba vya alumini, vifupi kama kidole gumba, vyenye ukuta mwembamba. Kazi yake ni kufunga ile fimbo nyeupe ya watu wasioona, ile inayoingia ndani yake ikawa fupi. Unavuta fimbo, unazungusha bushi, inakaza. Mkono ukiteleza, haikazi. Isipokaza, fimbo inazama ndani yake mtu akiwa katikati ya barabara. Bwana Haines mwenyewe haoni, na fimbo iliwahi kumfanyia hivyo kwenye Mtaa wa Peach, barafu chini, lori linakuja. Ndiyo maana hatumi mtu kukagua. Anakuja yeye na kidole gumba chake.

Nereida ndiye aliyetoboa matundu ya bushi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzikereza nje, zote, sanduku zima, kila moja katikati ya kipimo kama kawaida yangu. Ilibaki kuchapa tu. Nikavaa bushi ya kwanza kwenye kijiti cha chuma kinachoishikilia kwa ndani, nikawasha mashine, nikabonyeza, nikahesabu pumzi, nikaachia.

Nilipoitazama niliona ukungu.

Nikafuta miwani. Ukungu haukutoka. Pale palipotakiwa kuwa na almasi kubwa zenye ncha palikuwa na vijialama vidogo vidogo, vingi mara mbili, vimelala kama majani yaliyokanyagwa. Meno hayakurudi kwenye nyayo zake. Yalizunguka, yakakosa, yakaanza nyayo mpya katikati ya zile za zamani. Sisi tunaita kukanyaga mara mbili. Ukipitisha kidole, kinateleza kama kwenye sabuni.

Sasa hapo mtu mwungwana anachukua waya anakwenda mtini.

Nikatazama nyuma. Nereida alikuwa ameinama anatafuta kitu. Irene alikuwa kwenye simu. Koti langu la turubai la kahawia, ambalo kila mwanamume wa mji wetu wa Erie analo, lilikuwa linaning'inia kwenye ndoano karibu na bega langu. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Bushi ikaingia mfuko wa kulia, *tuk*, na mimi nikaanza kupiga mluzi.

Nikajisemea vigurudumu vina uchafu. Nikavisafisha kwa brashi. Nikachapa nyingine. Imekanyaga mara mbili. Mfukoni.

Nikajisemea mwendo ni mkubwa. Nikapunguza mashine mpaka ikawa inazunguka kama mlevi anayetafuta funguo. Imekanyaga mara mbili. Mfukoni.

Nikafungua maji ya kupoozea mpaka yakanirukia shingoni. Nikabadilisha vigurudumu, nikaweka vipya kabisa kutoka kwenye karatasi yake. Mara mbili. Mara mbili. Koti likaanza kuinama upande.

"Ngapi tayari?" Nereida akauliza bila kugeuka.

"Zinakuja."

"Zinakuja kutoka wapi, Pittsburgh?"

"Kitu kizuri hakiharakishwi, dada."

"Mbona unatoa jasho na dirisha lina barafu kwa ndani?"

"Ni homa ya kipaji."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kuna dawa moja ambayo kila mkereza anaijua: vigurudumu vikikanyaga ovyo, bonyeza kwa nguvu, vilazimishe kuingia. Nikabonyeza. Nikabonyeza mpaka mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Na kweli, almasi zikaja! Si nzuri sana, lakini zenye ncha. Nikataka kupiga kelele. Nikaichomoa bushi kwenye kijiti, nikachukua bomba la fimbo nilijaribishe ndani.

Halikuingia.

Nikageuza, nikajaribu upande mwingine. Likakwama nusu. Nikaweka kipimo ndani ya tundu: huku pana, huku nyembamba. Ukuta ule mwembamba ulikuwa umeminywa. Nilikuwa nimetengeneza yai.

Basi hapo ndipo nilipoelewa niko wapi. Nikibonyeza kidogo, inakanyaga mara mbili. Nikibonyeza sana, inakuwa yai. Katikati ya hayo mawili nilijaribu kila nguvu ambayo mkono wa binadamu unaweza kuipima, na kila nilipopata almasi nilipoteza tundu, na kila nilipookoa tundu nilipoteza almasi. Mfuko wa kulia ukajaa. Nikahamia wa kushoto. Irene alikuwa ameagiza bushi za ziada, lakini ziada nayo ina mwisho, na nilikuwa nauona ukija kwa miguu.

Irene akaja na mikate ya duara yenye soseji ya pepperoni ndani, bado ya moto, akaniwekea mmoja juu ya kabati la zana. Nilikuwa na bushi mbovu mkononi. Mifuko yote miwili ilikuwa upande aliosimama yeye. Nikajifanya nafunga kamba ya buti. Bushi ikaingia ndani ya buti la kushoto, ikateremka mpaka chini ya kifundo, ikakaa hapo kama jino bovu.

"Kula," akasema. "Unaonekana kama karatasi."

"Nitakula, bosi."

"Zinaendaje?"

Hapa ningeweza kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alikuwa amesimama vile, mikono ndani ya sweta la baba yake lenye viwiko vilivyotoboka, na macho yake hayakuwa kwangu. Alikuwa anazitazama mashine, moja moja, kama mtu anayewaaga watoto kituo cha basi.

"Ile baba aliinunua mwaka niliozaliwa," akasema. "Mama alikuwa anasema tulikuja nyumbani wiki moja, mimi na mashine, na mashine ilikuwa inalia kidogo kuliko mimi."

"Zinaenda vizuri, bosi," nikasema.

Alipoondoka nikaenda chooni, nikachechemea maana bushi ilikuwa inaniuma, nikajifungia. Nikajitazama kwenye kioo. Jamani, mimi ni mtu wa mzaha, naweza kumchekesha polisi anayeniandikia faini. Nilimtafutia yule wa kwenye kioo neno moja la kuchekesha, sikulipata. Niliona Jumatatu. Niliona mtu wa mnada na kamera yake. Niliona Nereida amebeba sanduku lake la zana kwenye theluji, anageuka nyuma. Na niliona kwamba bado hata sasa, hata na hayo yote, kitu kinachonichoma zaidi ni lile tawi. Nikajichukia, nikanawa uso, nikarudi.

Bushi iliyofuata ilikuwa na mkwaruzo mdogo. Nikaamua kuipitishia kisu kidogo tu, isafishike, kabla ya kuchapa. Kazi ya mtoto. Ila akili ilikuwa kwenye saa ya ukutani. Nilizungusha lile gurudumu la kusogeza kisu, nikaiona alama niliyotaka, na nikaipita.

Mimi. Nikaipita.

Nikazima mashine nikapima. Imepungua. Bado ilikuwa ndani ya ruhusa ya mchoro, lakini ukingoni kabisa, kama mgeni aliyelala pembeni ya kitanda anaogopa kugusa mtu. Kipande cha aina hiyo mimi huwa nakitazama kwenye mashine ya Nereida na kutikisa kichwa. Yeye ndiyo desturi yake, anakula chuma, namwambia kila siku wewe unakereza ukiwa na njaa.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikujali. Nikasema hii tayari imekufa, acha niizike na almasi zake. Nikabonyeza, tena kwa mkono mwepesi, sikuwa na nguvu ya mkono mzito.

Mashine haikulia. Ilinong'ona. Vigurudumu vilizunguka kama vimepakwa siagi, na chini yake zikaanza kutokea almasi, kubwa, safi, zenye ncha, mstari juu ya mstari, kama ngozi ya nyoka aliyejivua jana. Nikaachia. Nikachomoa. Nikachukua bomba. Likaingia mpaka mwisho bila kuombwa.

"Nereida!"

"Nini, umekata kidole?"

"Njoo!"

Akaja anafuta mikono, akaishika, akaipitisha kwenye shavu lake, ndivyo anavyokagua, na nyusi zikapanda. "Hii ni nzuri. Hii ni nzuri sana. Umefanyaje?"

"Imepungua. Iko chini ukingoni."

"Yako? Imepungua? Ngoja nikae."

"Usikae, fikiri! Kwa nini ndogo inakubali na ile ya katikati inakataa?"

Akakizungusha kigurudumu kwenye kidole chake, polepole, jino moja moja. Kisha akakiviringisha juu ya bushi, kuizunguka, midomo inahesabu. Akaacha. Akacheka peke yake.

"Umewahi kupanga vigae kuzunguka kisima?"

"Nani ana kisima Erie?"

"Nyamaza. Unaanza hapa, unazunguka, kigae, kigae, kigae. Ukirudi ulipoanza, cha mwisho kinataka nafasi ya kigae kizima. Ukikuta imebaki nusu?"

"Kinapanda juu ya cha kwanza."

"Na ukiendelea kuzunguka?"

Nikaona. Niliona kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Meno ya kigurudumu ndiyo vigae. Kuzunguka bushi kunatakiwa kuwe na meno kamili, si meno kamili na nusu. Kwa ile bushi iliyotua katikati ya kipimo, katikati yangu takatifu, ilibaki nusu jino. Kila mzunguko ulikuwa unaanza kati ya nyayo za ule uliopita. Hii iliyopungua, nusu jino limekatwa, mguu unarudi kwenye unyayo wake, na ukirudi kwenye unyayo wake huna haja ya kubonyeza mpaka tundu liwe yai.

"Kwa hiyo," Nereida akasema taratibu, anautafuna utamu wake wote, "shida ilikuwa usahihi wako."

"Sema tena nikuone."

"Ungekuwa mzembe kidogo kama mimi tungekuwa tumemaliza, tunakunywa kahawa."

"Dada, matusi baadaye. Tupunguze hizi zilizobaki, haraka."

"Zilizobaki?" Akatazama ndani ya sanduku langu. Akatazama tena. "Corey, nilikuletea nyingi kuliko hizi."

"Umehesabu vibaya."

"Na ulijuaje kwamba za katikati zinakataa? Ulijaribu ngapi?"

"Nilihisi tu."

"Ulihisi."

"Kipaji."

Akatazama mtini, kwenye tawi langu lenye vumbi, akanitazama, akarudi mashineni kwake. Bora angenitukana.

Tukaanza. Yeye anapunguza, mimi nachapa. Sijawahi kufanya kazi vile na sitaki tena. Kila bushi niliyoivaa kwenye kijiti nilikuwa namwomba Mungu wa babu zangu wa Slovakia, ambaye sijaongea naye tangu kipaimara. Moja ingepunguzwa kidogo zaidi, ingetoka nje ya ruhusa. Moja ingepunguzwa pungufu kidogo, ingekanyaga mara mbili. Shati lilininata mgongoni. Mkate ukapoa palepale. Ile bushi ya kwenye buti ilikuwa imenichubua, kila nikihamisha uzito nilikuwa nauma meno, na kuitoa sikuweza, Irene alikuwa amesimama nyuma yetu anapokea kila moja, anaifuta, anaipanga kwenye sanduku kama mayai ya Pasaka.

Ya mwisho ilikuwa bado ina joto mlango ulipofunguliwa, theluji ikaingia kwanza, na nyuma yake Bwana Haines.

Mzee mrefu, kofia ya sufu, ndevu zenye barafu. Akajipukuta kwenye mkeka, akavua koti lake la turubai la kahawia. Nikalipokea mimi, adabu zote, nikalitundika kwenye ndoano ya pili, kando ya langu.

"Nani huyo anachechemea?" akauliza.

"Corey Lesko, mzee. Baridi ya magoti."

"Umri gani?"

"Mdogo, mzee. Magoti ndiyo ya urithi."

Akatabasamu. Irene akamwongoza mpaka mezani, akamwekea sanduku. Alivaa glavu, akaomba maji, akailowesha. Akachukua bushi, akaivalisha kwenye fimbo yake mwenyewe, akakaza, akaegemea kwa uzito wote. Fimbo haikusogea. Akavua glavu, akapitisha kidole gumba, taratibu, kuzunguka kote, huku uso umeinuliwa kidogo kama anayesikiliza wimbo chumba cha pili. Akachukua nyingine. Na nyingine. Irene alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ni kazi nzuri," akasema hatimaye. "Lakini nina swali, na kwangu ndilo kubwa. Zile mbovu ziko wapi?"

"Mbovu?" Irene akauliza.

"Bi Grabek, ukuta mwembamba kama huu hauchapwi bila kuharibu. Fimbo iliyoniangusha Peach haikutengenezwa na mtu mbaya. Ilitengenezwa na mtu ambaye kibovu chake kilirudi kwenye sanduku bila mtu kujua. Siogopi karakana inayoharibu. Naogopa isiyojua vibovu vyake viko wapi."

Irene akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko cha kushusha mzigo. "Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote uliyoniuliza." Akamshika mkono, akampeleka mtini, akamweleza sheria ya baba yake. Mzee akaomba kuugusa. Akashika tawi baada ya tawi, vipande vikagongana.

"Hili linalofagia sakafu ni la nani?"

"Langu," Nereida akasema. "Usilivute sana, mzee, urithi wa wanangu huo."

"Na hili? Lina vumbi tu."

"La Corey," Irene akasema, na ninaapa alisema kwa fahari. "Ndiye aliyechapa hizi."

Kidole gumba kikasimama juu ya vumbi. "Kazi mpya, ukuta mwembamba, na hukuharibu hata moja, Bwana Lesko?"

Feni ya dari ilikuwa inazunguka. Nereida alikuwa anatazama buti langu. Mlango wa kuungama ulikuwa wazi kabisa, wa kupita gari. Ningesema tu, ningecheka, ningechukua waya.

"Hata moja, mzee."

"Basi," Bwana Haines akasema, akanyoosha mkono kwa Irene. "Nimezichukua. Na za mwaka mzima."

Irene akaenda akawasha redio, akaipandisha mpaka juu, akageukia ukutani mabega yakitikisika. Nereida akaikumbatia mashine yake, kweli, akaibusu kwenye mpini. Na mimi nikaruka kwa furaha kumletea mzee koti lake. Nilitaka kuwa mtu mwema haraka haraka, kabla dhamiri haijanikuta. Nikalichomoa kwenye ndoano, nikamvalisha, nikampigapiga mabega.

"Koti limenenepa," akasema.

Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso.

Mimi nina macho mawili mazima. Ndoano zilikuwa mbili. Makoti yalikuwa mawili.

Mkono wake ukatoka na bushi. Kidole gumba kikaizunguka mara moja, kikasimama. "Hii imekanyaga mara mbili." Akatoa nyingine, akaingiza kidole kidogo kwenye tundu. "Na hii ni yai."

Irene akazima redio.

Nereida alikuwa tayari amefika mtini, ana kipande cha waya mkononi. "Karibu, mdogo wangu," akasema, na hakuwa na mzaha wowote.

"Bi Grabek," mzee akasema, "neno langu nalisimamisha kwa sasa. Mbovu zote zikitundikwa hapo mbele yangu, linarudi. Ikibaki hata moja isiyojulikana iliko, siwezi." Akamimina mfuko wa kulia mezani. Akamimina wa kushoto. Zilikuwa nyingi, zilibingirika mpaka ukingoni mwa meza. Irene alikuwa ananitazama, na macho yake sitaki kuyaeleza.

"Ndizo zote, Bwana Lesko?"

"Ndizo zote, mzee," nikasema. Sijui kwa nini. Ulimi ulikuwa umeshazoea njia. "Naapa."

Akainamisha kichwa, akasikiliza sakafu.

"Basi vua buti la kushoto," akasema. "Tangu nimeingia nakusikia unakanyaga mara mbili."